Helikopta si jibu la barabara za Upare

Mvua ikikolea Upare, njia za mlimani wilayani Same hugeuka utelezi: bodaboda hushuka zikisukumwa, magunia ya tangawizi ya Mamba Miamba husubiri gari, na mama mjamzito hubebwa kwa machela. Wapo wanaoamini helikopta ndogo za binafsi zitamaliza adha hii. Hatukubaliani nao.

Robinson R44, helikopta ya watu 4, ikiwa mpya bei yake inapita shilingi bilioni moja. Hunywa zaidi ya lita 50 za petroli ya ndege kwa saa, na kila baada ya saa 2,200 au miaka 12 lazima ifanyiwe ukarabati mkubwa. Tena kuelekea kilele cha Shengena, mita 2,462, hewa nyepesi huipunguzia nguvu na ukungu humziba rubani macho.

Helikopta ziwe za uokoaji, na kila tarafa ya mlimani itengewe uwanja salama wa kutua. Fedha za usafiri wa kila siku ziende TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini: zege kwenye miteremko mikali, mitaro na makalavati. Kazi hiyo ianze kabla ya masika.