Herufi ya Jicho

Tarehe 26 Novemba, 2021, Shirika la Afya Duniani liliipa aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19 jina la Omikroni. Hiyo ni herufi ya kumi na tano ya Kiyunani, na maana ya jina lake ni "o ndogo", ili isichanganywe na omega, yaani "o kubwa".

Asili yake si Uyunani. Wayunani waliipokea kwa Wafoinike, ambao kwao ilikuwa konsonanti yenye jina la jicho. Wasomaji wetu waliokaa chuoni mbele ya mwalimu wataitambua mara moja: ni ndugu wa damu wa aini ya Kiarabu, ambayo hadi leo ni herufi na ni jicho pia. Wayunani, kwa kuwa lugha yao haikuwa na sauti ile ya kooni, waliigeuza irabu.

Kabla ya 31 Mei, 2021, ilikuwa kawaida kusikia "kirusi cha Afrika Kusini" au "kirusi cha India". Shirika likaleta herufi za Kiyunani ili nchi isifedheheshwe kwa sababu tu imegundua ugonjwa. Tahadhari hiyo ilifika mbali. Herufi ya nu ilirukwa, maana kwa Waingereza inasikika kama neno lao la "mpya". Na iliyofuata ikarukwa kwa kuwa inaandikwa sawasawa na jina la ukoo lililoenea.

Sisi hatuna ugomvi na herufi. Lakini ni dhahiri kwamba kilichobadilika ni jina tu. Wataalamu wa Botswana na Afrika Kusini walikuwa ndio jicho la dunia. Waliona, wakasema bila kuficha. Kabla hata jina halijatolewa, Uingereza ilikwisha tangaza kuzuia ndege kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika. Marekani ikafuata kwa kuwafungia mlango wasafiri wa nchi nane, wakiwamo wa jirani zetu Malawi na Msumbiji.

Tarehe 30 Novemba Uholanzi ikaeleza kwamba kirusi hichohicho kilikuwamo katika sampuli zilizochukuliwa kwao tarehe 19 na 23 mwezi huo, yaani kabla Afrika Kusini haijatoa taarifa. Marekani haikuifungia Uholanzi. Mlango wa zile nchi nane ulifunguliwa 31 Desemba, wakati Omikroni ilikwisha tapakaa Marekani kwenyewe.