Uchumba wa Sululu Si Mazoezi ya Njiani

Baridi inapoanza kulegea kusini mwa Marekani, sululu wa misituni hushika safari ya kaskazini, na kila anapopumzika hucheza. Jioni dume hutua penye uwazi, hutoa mlio mkavu wa puani, kisha hupaa kwa kuzunguka hadi karibu mita 100, manyoya matatu membamba ya kila bawa yakipiga filimbi. Ni rahisi kudhani kwamba hayo ni mazoezi tu, na kwamba uzazi wenyewe unasubiri mwisho wa safari. Dhana hiyo sasa haina pa kusimama, na inatupasa kuiacha kwa sababu ndiyo inayotufanya tuthamini kaskazini na kusahau njia nzima.

Ushahidi umetoka kwa majike. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Rhode Island walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa setilaiti: zaidi ya asilimia 80 walitaga zaidi ya mara moja katika msimu mmoja, baadhi hadi mara sita, na kutoka kiota cha kwanza hadi cha pili walisafiri wastani wa kilomita 800. Wanaomjua kwelea wa Afrika, anayezaa hapa, akafuata mvua na kuzaa tena kule, hawatashangaa sana. Atakayepinga atasema kwamba dume kucheza si dalili kwamba amepata jike. Ni kweli, lakini viota vya njiani havikuwekwa na wachezaji. Viliwekwa na majike waliokwisha kuchagua. Atasema pia kwamba hao hutaga upya kwa kuwa mayai ya kwanza, yaliyolala chini ardhini, yameliwa. Huenda ikawa hivyo mara nyingi, na hoja yangu inazidi kupata nguvu: aliyepoteza kiota kusini anakitegemea kichaka kilicho mamia ya kilomita mbele.

Marekani na Kanada huhesabu madume wanaoimba kila masika tangu 1968, na idadi imekuwa ikishuka polepole. Tarehe za kuhesabu hupangwa makusudi ili wapita njia wasiingizwe. Kwa hesabu, utaratibu huo ni wa haki kabisa. Kwa kuamua ni wapi vichaka na misitu michanga itunzwe, hautoshi: fedha za uhifadhi zifike pia Virginia na Carolina, mwezi Machi, wakati ndege wangali safarini.