Mavi ya ng'ombe na maganda ya ndizi: tangi liwekwe wapi?

Kila asubuhi magunia ya makala yanaingia Goma, na mengi yanatoka kwenye miti iliyokatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mama muhami wa vita akikosa pesa ya kununua makala hayo, anaingia porini kutafuta kuni. Huko wanawake wengi wamebakwa, wengine hawakurudi. Kwa hiyo moto wa jikoni katika Kivu ya Kaskazini ni neno la usalama pia.

Wakati huohuo mavi ya ng'ombe yanarundikana kwenye mazizi ya Masisi, na maganda ya ndizi na viazi yanaoza pembeni ya masoko. Vitu hivyo vikichanganywa na maji na kufungwa ndani ya tangi lisiloingiza hewa, vinatoa gesi ya kupikia. Kilo 25 hivi za mavi mabichi kwa siku zinaweza kutoa mita moja ya ujazo ya gesi, yaani jiko moja kuwaka saa mbili mpaka tatu.

Kilo kwa kilo, mabaki ya chakula yanatoa gesi nyingi kuliko mavi, kwa sababu tumbo la ng'ombe limekwisha kuchukua sehemu kubwa ya nguvu ya majani. Lakini mabaki yakizidi, tangi linachacha na gesi inakoma. Mavi ndiyo yanaleta vijidudu vya kazi hiyo na kuzuia uchachu. Basi mavi yawe mengi, mabaki yawe kidogo na yakatwe vipande vidogo. Mwanzoni lazima kungoja wiki kadhaa, na kwenye baridi ya milima ya Masisi zaidi. Uji unaobaki ni mbolea nzuri ya shamba.

Kuna wanaotaka kila familia ipewe tangi lake. Hawajafikiri vizuri. Familia ya wahami haina ng'ombe wala kiwanja, na kesho inaweza kukimbia tena. Ng'ombe wanaoshinda malishoni wanaacha mavi hukohuko. Ya kuokota ni yale ya usiku zizini. Na sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, ambako kuchimba shimo ni gharama kubwa.

Afadhali kuanzia pale ambapo mazizi, maji na sufuria kubwa viko karibu: shule zenye bweni, vituo vya afya, na watengeneza jibini wa Masisi wanaopasha maziwa kila siku. Jirani yetu Rwanda imeonyesha njia: magereza yake yamepika kwa gesi ya vyoo tangu miaka ya 2000.

Lakini wahami wasisahauliwe. Wapewe kazi ya malipo ya kukusanya mavi na maganda, na pembeni ya tangi pajengwe jiko la pamoja ambapo mama atapika bila kwenda porini.

Tangi linahitaji kulishwa kila siku kama ng'ombe. Shirika au kiongozi anayeleta mradi huu aseme kwanza nani atalilisha, fundi gani wa hapahapa atarekebisha bomba likivuja, na nani atamlipa wafadhili wakiondoka.