Bei ya kahawa isifichwe na tovuti nzito

Msimu wa kahawa unapoanza Muleba na Bukoba, swali la mkulima huwa moja: kilo ya maganda leo ni shilingi ngapi? Asipopata jibu mapema, atalipata kwa mnunuzi wa butura, anayenunua kahawa ingali mtini kwa bei anayoitaka yeye. Butura imepigwa marufuku, lakini dhiki ya fedha na kutojua bei vinaendelea kuilisha. Septemba 2024 robusta ilipita dola 5,000 kwa tani katika soko la London. Bei inapokwenda kwa kasi hiyo, taarifa ya wiki iliyopita humtia mkulima hasara.

Chama cha msingi kikitaka kutangaza bei kwenye intaneti, mara nyingi fundi hukiuzia tovuti kubwa kupita haja. Kila mtu anapoifungua, seva huenda kwanza kuuliza kwenye kanzidata, ndipo iunge ukurasa upya. Siku ya mnada watu wakiifungua kwa wingi, huelemewa. Na chama hulipia mzigo huo kila mwezi, kahawa iwepo isiwepo.

Kazi ya kutangaza bei haihitaji hayo. Ukurasa unaweza kuandikwa mara moja, ukahifadhiwa kama faili na kila anayeuomba akapewa ulivyo, sawa na tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ghala. Faili hizo hufungwa pamoja na programu ndogo ya kuzigawa ndani ya kinachoitwa kontena. Jina limetoka bandarini. Mwaka 1956 meli Ideal X ilibeba makontena 58 kutoka Newark hadi Houston, na mzigo haukulazimika tena kupakuliwa kipande kipande. Docker, iliyotoka mwaka 2013, ilieneza desturi hiyo kwenye kompyuta: kilichofungwa hapa hufanya kazi vilevile kwenye seva nyingine. Kwa kutumia BusyBox, kontena zima linaweza kuwa chini ya megabaiti 5, karibu na wimbo mmoja wa simu. Seva ya bei ya chini kabisa hulibeba bila taabu.

Faida nyingine ilionekana Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchini. Kontena dogo ni rahisi kunakiliwa, nakala moja ikae nje na nyingine Dar es Salaam. Iliyo nchini haitegemei sana nyaya hizo.

Hata hivyo wepesi wa kontena haumpunguzii mkulima wa Kishanda bando lake. Ukurasa ukijazwa picha kubwa za kahawa mbivu na za viongozi, ataulipia yeye. Maandishi matupu, bei na tarehe, hayafiki hata sehemu ndogo ya picha moja. Wala kurasa za namna hii hazipokei malipo au oda; anayetaka hayo atafute mfumo mwingine.

Udhaifu mkubwa hauko kwenye mitambo. Ni nani atakayebadilisha bei baada ya kila mnada? Chama kimtaje katibu huyo kwa jina, kimpe muda wa mwisho uwe jioni ya siku ileile, na tarehe ikae juu ya bei. Ukurasa huohuo uchapwe na kubandikwa ghalani kwa ajili ya wasio na simu za intaneti.