Hadubini Si Pambo la Mgeni Rasmi

SAFU YA JUMAMOSI
Na Cherotich wa Silibwet

Hasira yangu ya wiki hii imetokana na kipande cha karatasi. Kilikuwa kimeandikwa USIGUSE kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, kikabandikwa kwa selotepu kwenye hadubini. Hadubini yenyewe ilikuwa bado imevalishwa nailoni iliyotoka nayo dukani. Ilikuwa siku ya sayansi katika shule moja ya huku kwetu. Siitaji, kwa sababu ingeweza kuwa shule yoyote kuanzia Silibwet hadi Kericho mjini.

Hema limepigwa, viti vya plastiki vimepangwa, mgeni rasmi anasubiriwa. Kwenye meza yenye kitambaa cheupe kulikuwa na hiyo hadubini, mifupa ya mtu ya plastiki, sumaku mbili ndani ya boksi lake, mizani, na chupa za maabara zilizong'arishwa hadi zikametameta. Watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9 walipita mbele ya meza kwa foleni, mikono nyuma, kama walivyoagizwa. Mikono nyuma, siku ya sayansi! Waliporuhusiwa kutoa daftari, ilikuwa ni kunakili majina ya vifaa. Msichana mmoja aliyesimama karibu nami aliandika kwamba hadubini hutumika kukuza vitu vidogo, akapiga mstari kwa rula, akasonga. Hakuna kitu hata kimoja alichokiona kikikuzwa.

Mnaoniita Mama Kufuli tangu niandike kuhusu maktaba ile yenye vitabu vizuri na ufunguo usiojulikana uko kwa nani, jina hilo nalikubali. Kufuli la safari hii limetengenezwa kwa karatasi, lakini kazi yake ni ile ile.

Basi watoto wakiwa bado kwenye foleni, akaja kogo mmoja, yaani bibi. Alikuwa ametoka kituo cha kupimia majani, kikapu kitupu mgongoni, na amekuja kumsikiliza mjukuu wake akighani shairi. Alipoiona meza, hakwenda kuketi. Alifungua pindo la leso, akatoa jani la chai, akamfuata mwalimu kijana aliyekuwa analinda vifaa.

"Mwalimu, hebu nitazamie hapa chini. Majani yangu yanageuka rangi ya kutu, na macho yangu hayaoni kitu."

"Kogo, samahani, hivi ni vya wanafunzi. Keti pale na wazazi, tutaanza sasa hivi."

"Sitachukua muda."

"Hilo ungemuuliza mtu wa kilimo, kogo."

Mwalimu hakuwa na dharau, nashuhudia hilo. Alimshika mkono kwa heshima na kumsindikiza hadi kwenye kiti. Lakini nilimtazama yule mzee akilirudisha jani kwenye pindo la leso na nikahisi kitu kimenikaba kooni. Hapo mezani palikuwa na chombo kilichotengenezwa mahsusi kwa swali lake. Katika uwanja mzima, kati ya walimu, wanafunzi na wageni, ni yeye peke yake aliyekuja na swali la sayansi. Na ndiye aliyeambiwa aketi.

Shughuli ilipokwisha nilimtafuta, tukatembea pamoja hadi sokoni kwa fundi saa. Fundi huyo ana ile lenzi ndogo ya kubana jichoni. Alituazima bila kuuliza mengi. Kogo akaishika, akahangaika nayo kidogo, akasogea mwangaza wa jua, akaligeuza jani. Akanyamaza. Kisha akapiga kelele iliyowatoa watu dukani. Walikuwa wanatembea! Utitiri wekundu, wadogo kuliko chembe ya chumvi, wamejaa upande wa chini wa jani kandokando ya mshipa wa kati, wakifyonza. Ndio wanaoligeuza jani kuwa na rangi ya kutu, na hushamiri zaidi jua linapokuwa kali na mvua ikikawia. Vijana wa bodaboda wakaacha pikipiki, wakapanga foleni. Mmoja akatazama ukucha wake. Mwingine akatazama noti ya shilingi mia. Mama wa mboga akaleta sukumawiki yenye vidukari. Fundi saa hakutengeneza saa yoyote alasiri ile, na hakuonekana kujuta.

Hao ndio watu tunaoambiwa kwamba sayansi si yao.

Kinachotuponza ni woga wa kuvunja. Nilimuuliza mwalimu yule kando, akanijibu waziwazi: kifaa kikivunjika, atakayeandika barua ya kujieleza ni yeye. Namwelewa, na bado nakataa. Hadubini inayopasuka lenzi baada ya kutumiwa na watoto mia tatu imefanya kazi yake. Ile inayokaa kwenye nailoni mpaka nailoni ikageuka manjano imeibwa, hata kama bado iko kabatini. Na juu ya woga huo tumeweka mtihani. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari amekuwa akikutana na vifaa kwa bidii pale karatasi ya tatu ya KCSE inapokaribia, ile ya vitendo. Anajifunza kupima tindikali kama mtu anayekariri njia ya kutokea nyumba inapowaka moto.

Tulishaahidiwa elimu ya vitendo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, vitendo ndivyo vilivyokuwa wimbo: useremala, kilimo, sayansi kimu. Wazazi walichanga kwa harambee wakajenga karakana. Nendeni mkaangalie ngapi zimekuwa stoo za mahindi. Sasa tuna mtaala wa umilisi, Gredi ya 7 ya kwanza iliingia mwaka 2023, na somo la Sayansi Jumuishi linafundishwa katika madarasa ya shule za msingi ambazo hazikujengewa maabara. Ahadi ni ile ile, na watoto wameambiwa tena waweke mikono nyuma.

Ninachotaka nakisema wazi: Silibwet ijengewe kituo cha sayansi cha kugusa. Nyumba ambamo kila kitu kimewekwa ili kishikwe, kizungushwe, kifunguliwe, na iwe wazi kwa mtoto wa chekechea, kwa mchuna chai na kwa mzee wa miaka themanini, kwa mlango ule ule.

Wazo hili halikuanzia kwangu. Kituo mashuhuri cha namna hiyo, Exploratorium cha San Francisco, kilifunguliwa mwaka 1969 na Frank Oppenheimer, mdogo wake yule Robert wa bomu la atomiki. Siasa za Marekani zilimtoa Frank chuo kikuu mwaka 1949, akaenda kufuga ng'ombe Colorado. Alipoanza kufundisha sekondari kule mashambani, aliwapeleka wanafunzi wake jalalani wakachambua vyuma vya magari mabovu ili wajifunze fizikia. Mfugaji! Nani huku kwetu atasema hilo limetupita kimo? Na kama Marekani ni mbali, Tanga ni jirani. Shirika la Projekt Inspire na halmashauri ya jiji hilo wameweka bustani ya sayansi ambamo watoto hucheza na vifaa kwa mikono yao. Hapa Kenya, Susan Murabana amekuwa akibeba darubini hadi shule za mashambani watu wautazame mwezi. Hawa hawakusubiri.

Mnaweza kuniuliza tutaweka nini ndani ya nyumba hiyo. Silibwet, jamani! Tumezungukwa na maonyesho ambayo miji mikubwa ingeyalipia.

Anzeni na chai yenyewe. Mkulima anajua kilo zake hadi nukta, lakini ni wachache walioonyeshwa kwa nini kilo nne na nusu hivi za majani mabichi huishia kuwa kilo moja ya chai kavu. Wekeni mizani na tanuri dogo, mtoto akaushe jani na kulipima, aone maji yakiondoka. Halafu mpeni jani lililonyauka usiku kucha, alisugue kwa viganja mpaka litoe utomvu, aliache kwenye sinia na kulirudia. Litakuwa limeacha ukijani na kugeuka shaba, na harufu itakuwa imebadilika kabisa. Kile kilichofungiwa ndani ya seli za jani kimekutana na hewa. Ndicho kinachofanyika katika viwanda vya chai vya Kapkoros na Tirgaga kila siku ya Mungu, nyuma ya geti, wakati watoto wa wenye majani hayo wanachora mchoro wake kutoka ubaoni. Kericho hapo kuna taasisi ya utafiti wa chai iliyoanza mwaka 1951 na iliyotupatia ile chai ya zambarau mwaka 2011. Wataalamu wake wakija Jumamosi moja tu kukaa na wakulima mbele ya hadubini, hawatamaliza maswali hadi jua litue.

Kisha sufuria. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yakifika takriban nyuzi 93 badala ya 100 za Mombasa. Ndiyo maana maharagwe yetu yanakula kuni. Kila mama wa huku amelipa gharama ya sheria hiyo ya fizikia maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumpa kipimajoto aione kwa macho yake.

Wekeni sotet, kile kibuyu cha maziwa, na mkaa wa mti wa senetwet, na kogo zetu ndio wawe wakufunzi, kwa sababu kuhusu kugandisha maziwa wao wanajua kwa mikono mambo ambayo kitabu cha Gredi ya 8 kinayataja kwa mbali. Wekeni gurudumu la maji, mtoto alizungushe mpaka taa iwake, kisha apelekwe Tenwek, pale maporomoko ya Nyangores yanapozungusha mtambo wa umeme wa hospitali. Maji hayo hayo yanakwenda kuwa Mto Mara. Na simulieni mvua ya mawe inayotupiga majani: miaka ya 1960 mashamba makubwa ya Kericho yalikuwa yakirusha roketi mawinguni kujaribu kuizuia. Roketi, hapa hapa kwetu! Nionyesheni mtoto mmoja wa Silibwet aliyefundishwa hilo.

Najua jibu litakalonijia kutoka makao ya kaunti, kwamba elimu ya shule ni jukumu la serikali ya kitaifa. Katiba ya 2010 nimeisoma. Jedwali la Nne limeipa kaunti maktaba na makumbusho, likaipa pia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kituo ninachokiomba ni makumbusho ya kugusa, kwa hiyo Nairobi haihusiki. Na hakihitaji jumba la vioo. Kinaanza na karakana moja kuukuu iliyotolewa mahindi, mafundi wetu wa jua kali wa kuchomelea vyuma, na mtu mmoja aliyeajiriwa kukaribisha watu na kutengeneza kinachovunjika.

Walimu wakuu, ninyi hamna haja ya kungoja bajeti. Muhula huu fungueni maabara Jumamosi moja kwa mwezi, wazazi waje na majani yao, maziwa yao na udongo wao, na wanafunzi ndio wawaonyeshe. Bodi za shule ziandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mwalimu hatalipishwa kifaa kilichovunjikia mikononi mwa mtoto anayejifunza. Na wewe msomaji, kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti kikiitishwa, nenda. Simama, omba kituo cha sayansi cha Silibwet, na usiketi mpaka uhakikishe karani ameliandika ombi lako.