Mwaka wa Kujitolea: Nani Amemsaidia Nani?

Kijana wa Ulaya aliyetimiza mwaka wa kujitolea barani Afrika hurejea kwao na hadithi ile ile. Hueleza alivyojifunza subira, alivyokirimiwa na watu wasio na kitu, na jinsi mwaka ule ulivyombadilisha. Hasemi uongo. Ila katika tafakari hizo zote, waliomfundisha hutajwa kama mandhari tu, mfano wa minazi na machweo.

Uchunguzwe mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanzishwa mwaka 2008. Huchukua vijana wa miaka 18 hadi 28, wengi wakiwa ndio kwanza wamemaliza shule, na serikali yao hulipia hadi asilimia 75 ya gharama. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazowapokea. Mgeni huyo hana ualimu, hana uuguzi, hana hata useremala. Hata hivyo, akifika katika shule ya watoto hukabidhiwa chaki, jambo ambalo shule ya kwao isingelithubutu kulifanya. Kiswahili hufundishwa na watoto wale wale anaodaiwa kuwafundisha. Mama mwenyeji humpikia, humuuguza akishikwa na homa, humwelekeza namna ya kusalimia wakubwa. Huenda mama akalipwa kodi ya chumba na chakula. Ualimu wake hauhesabiwi popote. Na pindi mgeni anapoanza kufaa kazi, mwaka umekwisha. Anashuka mwingine asiyejua kuitikia "marahaba", na mama huanza upya.

Kosa si la kijana. Wajerumani wenyewe huuita mpango huo huduma ya kujifunza, na hapo wamesema kweli. Ni wenyeji wanaomgeuza mwanafunzi kuwa mfadhili: humketisha meza kuu siku ya hafla, ilhali mwalimu aliyefundisha miaka 20 amesimama nyuma akipanga viti. Kasumba hiyo haikuletwa na ndege ya juzi. Tangu mwaka 1968 padri Ivan Illich aliwakabili wanafunzi wa Marekani waliokusudia kwenda vijijini Mexico, akawataka waje kutazama na kusoma, wala wasije kusaidia. Maneno makali, lakini yalikuwa na heshima kwa mwenyeji kuliko makofi ya hafla.

Basi shule na kijiji viamue kwanza: ni kazi gani inayohitaji mtu, mtu wa ujuzi gani, na kwa muda gani. Asiyekuwa na ujuzi apokewe kwa mapenzi kama mwanagenzi, akae chini ya mwalimu. Na nafasi ziwe za pande zote mbili. Tangu mwaka 2013 mpango huo umefungua mlango kwa vijana wa kusini kwenda kuhudumu Ujerumani, lakini wanaopita hapo ni wachache mno wakilinganishwa na wanaokuja. Huko hutumwa katika shule za chekechea na nyumba za wazee, chini ya msimamizi. Hakuna Mjerumani anayewaita wafadhili.