Ilimba inapotea kwenye simu

Mwandishi, makala yako imeishia kwenye kumbi za bongo fleva za mjini. Sisi Wagogo tulio mbali tunachosubiri ni Julai, tamasha la muziki wetu kule Chamwino, Dodoma. Huku Toronto majira hayo tuko nyuma kwa saa saba, kwa hiyo akina mama wakianza muheme saa tisa alasiri, ngoma zimebanwa mapajani, mimi niko na chai ya asubuhi, natazama mubashara, simu nimeiegemeza kwenye sufuria. Ngoma zinafika vizuri. Zeze nalo si haba. Tatizo ni ilimba, marimba yetu ya vidole gumba: ule mvumo wake unatokana na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la kisanduku, na naona simu nyingi huudhania kelele zikaufuta. Linganisheni na albamu ya Chibite ya marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doda, iliyotolewa na Real World mwaka 1996. Pale mvumo upo wote. Basi wanangu mnaorusha mubashara, wekeni kinasa sauti karibu na ilimba, si karibu na spika ya mshereheshaji. Kamera nayo ibaki kwa wapigaji. Mgeni rasmi tutamwona kwenye taarifa ya habari.